Onesphory wa Bashay na Kishindo cha Alfajiri

Sogeeni, enyi mlioketi mbali, na ninyi mnaokoroga chai mkijifanya hamsikii, wekeni vijiko chini. Na wewe mwenye simu isiyokoma kuita, izime, kwa maana habari ninayoileta haisikilizwi kwa sikio moja. Wengine wawasifu wafalme walioteka miji na majemadari waliovusha majeshi mito iliyofurika. Mimi nawaletea Onesphory mwana wa Tluway, mtu wa Bashay katika nchi ya Mbulu, mshika-usukani, mkwea-makorongo, bwana wa pikapu iitwayo Nyati, ambaye alipigana na mlio wa injini katika asubuhi za baridi akaushinda. Na aliushinda akiwa amevaa sweta la mkewe, kwa sababu lake lilikuwa kwenye kamba na halikuwa limekauka.

Kwanza nimtaje Nyati, maana shujaa bila chombo chake ni mtembea kwa miguu tu. Nyati alikuwa gari la dizeli, mzee wa heshima, mwenye rangi ya kijani mahali ambapo rangi ilikuwa imebaki. Mlango wake wa kushoto ulifunguka kutoka ndani tu. Boneti yake, tangu komeo lilipokufa, ilifungwa kwa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Akiwa barabarani, kila kilichokuwa ndani yake kilipiga kelele, viti, vioo, jeki, na abiria vilevile, hata mtu akitaka kusema na jirani yake ilimbidi asubiri mteremko. Onesphory alimpenda kama watu wanavyompenda fahali wa zizi, na alikuwa ametoa amri nyumbani, kwa sauti ya mtu asiyependa kurudia, kwamba asiyekuwa yeye asifungue boneti ile.

Ulikuwa mwezi wa Julai, mwezi ambao Bashay huamka na kujuta. Na katika Julai hiyo nyumba ya Onesphory ilikuwa katika maandalizi makuu, kwa kuwa Evaline, binti yake, alikuwa anaolewa Jumamosi huko Endasak, chini ya Mlima Hanang. Natalia, mkewe, alisimamia mablanketi, vyombo na wageni. Bibi Angela, mama yake Onesphory, mwanamke aliyekula chumvi nyingi na asiyepokea ushauri, alisimamia pombe. Hapo palikuwa na taabu, maana mtama aliouloweka ili upate kuwa kimea ulikataa kuota kwa baridi. Ulikaa ndani ya sufuria yake kama changarawe. Kisha ghafla, katika wiki ile ile, ukaota vizuri hata wanawake wa jirani wakaja kuutazama. Bibi Angela aliwaambia kwamba amesali.

Katika wiki ile ile pia kifuniko cha sufuria ya mtama kilipotea. Natalia alikitafuta jikoni, zizini na kwa majirani, na akaanza kumtazama mke wa Yoakimu, jirani yao, kwa jicho ambalo lilikaribia kuvunja ujirani wa miaka mingi. Lakini mambo ya vifuniko ni madogo, na mimi nina habari kubwa. Tuviache.

Basi alfajiri moja, ukungu ukiwa umelala juu ya mashamba hata ng'ombe walionekana miguu tu, Onesphory alipanda kitini ili apeleke maharage sokoni Mbulu. Akazungusha ufunguo. Nyati akakohoa, akatoa moshi, akatetemeka mwili mzima kama atetemekavyo kila asubuhi ya baridi, na ndipo kutoka tumboni mwake ikatoka sauti ambayo sikio la Onesphory halikuwa limepata kuisikia: kongoro-kongoro-kongoro-kong! Ilikuwa kana kwamba mtu amefungiwa mle ndani na anagonga mlango atolewe. Onesphory alishuka, akazunguka gari, akafungua boneti, akainamia injini kwa uso wa daktari, asione kitu. Na kabla hajamaliza kufikiri, kwa muda wa mtu kufuta kioo cha mbele, sauti ikapungua, ikakohoa mara ya mwisho, ikanyamaza. Nyati akabaki akinguruma kwa upole, asiye na hatia.

Kesho yake ikawa hivyo. Keshokutwa ikawa hivyo. Nyati aliyelala baridi aligonga. Nyati aliyepata joto alinyamaza. Yoakimu, ambaye alikuwa na pikipiki na kwa hiyo alikuwa na maoni, alisimama uani mikono nyuma akasema kwamba hiyo ni cheni ya ndani, na cheni ikikatika injini hugeuka kuwa jiwe. Bahati mbaya alilisema hilo Natalia akiwa anapita na ndoo.

Natalia alitua ndoo. Lazima mjue kwamba mwanamke huyu alikuwa na kidonda. Siku alipoolewa yeye, Onesphory, kijana wa wakati ule, alimletea lori la kukodi, na lori lile likafa katikati ya mlima. Na bibi harusi akafika kanisani jua likiwa linazama, amekalia gunia la maharage, shela lake likinuka dizeli, na padri akiwa ameshakwenda kula. Tangu siku hiyo hajalisema jambo hilo zaidi ya mara moja kwa wiki.

"Baba Eva," alisema Natalia, akasimama kama mtu aliye mbele ya mkutano, "nakuambia mbele ya jirani yako asikie. Mimi nilifika kwenye ndoa yangu nimekalia gunia. Nilinyamaza, kwa sababu nilikupenda na kwa sababu koo lilikuwa limejaa vumbi. Lakini mwanangu hatafika hivyo. Kaka yangu Sylvester ana gari jipya, lenye kiyoyozi. Ameshasema yuko tayari kumbeba Evaline. Kama hujui kinachogonga humo ndani, Evaline hapandi humo."

Maneno hayo yalimwingia Onesphory kuliko baridi. Si kwa ajili ya Sylvester peke yake, ingawa Sylvester alikuwa mtu wa kupiga honi hata barabara ikiwa tupu. Ni kwamba tangu siku alipomnunua Nyati, alikuwa amejiahidi moyoni kwamba ndiye atakayempeleka binti yake kwa mumewe. Onesphory hakuwa mtu wa maneno laini. Alimpenda Evaline kupita kiasi, na hakuwa na njia nyingine ya kumwambia hivyo ila kumwendesha.

"Mama Eva," alijibu, akashika bampa la Nyati kama anayekula kiapo, "sauti hiyo nitaitafuta, nitaipata, na nitakuonyesha. Nikishindwa, mwite kaka yako."

Ndipo safari za vita zikaanza. Alikwenda kwanza mjini Mbulu kwa fundi Modest, kijana mwenye mikono myeusi kwa oili na uvumilivu wa katekista. Lakini kutoka Bashay hadi mjini kuna milima ya kumfanya Nyati achemke mara ngapi sijui, na alipoingia katika uwanja wa Modest alikuwa wa moto, mtulivu, analia kama paka aliyeshiba.

"Mzee, shikamoo. Gari lako zima," alisema Modest, baada ya kusikiliza kwa kichwa kilichoinama.

"Marahaba. Si zima. Asubuhi linagonga."

"Linagongaje?"

Onesphory alitazama huku na huku. Walikuwapo watu waliosubiri magari yao, na mama mmoja aliyeuza mandazi. Alijikaza kisabuni, akavuta pumzi, akafumba macho, na mbele ya halaiki hiyo akatoa kwa kinywa chake mwenyewe: "Kongoro-kongoro-kongoro-kong!"

Watu walisogea.

"Rudia, mzee," alisema Modest kwa heshima. "Ya mwisho inapasuka au imeziba?"

"Imeziba," alisema Onesphory, akarudia, safari hii akitikisa mabega, maana mtetemeko nao ulikuwa sehemu ya ugonjwa. Muuza mandazi alisema kwamba friji ya dada yake hulia hivyo hivyo. Mzee mmoja aliyekuja kuziba pancha alishauri wabadilishe oili. Modest alijipangusa mikono, kisha akatoa hukumu.

"Mzee, mlio wa baridi huwezi kuuwinda mchana. Ni lazima nilikute gari limelala, halijaguswa. Liache hapa usiku mmoja."

Onesphory alitazama pembeni mwa uwanja. Palikuwa na magari mengine matatu yaliyowahi kuachwa pale usiku mmoja. Moja lilikuwa limeotwa na mboga za maboga kwenye usukani. Alimshukuru Modest, akamwambia Nyati hajazoea kulala ugenini, akarudi nyumbani.

Evaline, ambaye alijua vita hivi ni kwa ajili yake lakini hakusema, alishauri waurekodi mlio kwa simu. Wakaurekodi. Onesphory akamtumia Modest, na Modest akapiga simu akiwa amekata tamaa. Jogoo, alisema, anamsikia vizuri. Ndama pia. Na juu ya vyote anamsikia bibi mmoja akimuuliza mtu habari za mashamba, kwa urefu, hadi rekodi inakwisha.

Na hapa ndugu zangu tumefika kwenye ngome yenyewe, maana adui wa Onesphory hakuwa mlio peke yake. Kila Nyati alipowaka, Bibi Angela alitoka nje kama aliyeitwa kwa kengele ya kanisa, fimbo mkononi, blanketi begani, akasimama karibu kabisa na boneti, akaanza kupokea shikamoo. Mnajua wenyewe kwamba salamu ya mzee haikatizwi. Hata anayekimbia mvua atasimama aimalize. Na salamu kamili ya Bibi Angela ilichukua muda ule ule hasa ambao Nyati huchukua kupata joto. Wiki ile, kwa namna ambayo hakuna aliyeitilia maanani, salamu zake zilikuwa zimerefuka.

Modest alikubali kuja mwenyewe. Alifika Bashay kwa pikipiki alfajiri, meno yakigongana, akasimama tayari juu ya injini. Onesphory akazungusha ufunguo. Kongoro-kongoro! Modest akainama, akatega sikio, uso ukamng'aa.

"Ehee! Mzee, hii iko..."

"Nani huyo?" ilisema sauti nyuma yake.

Modest alisimama wima. Alikuwa amelelewa vizuri, na hiyo ndiyo iliyomponza. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, bibi."

"Baba yako ameamkaje?"

"Salama, bibi."

"Mama je?"

"Salama."

"Na yule wa kwenu aliyekuwa anaumwa goti?"

"Ni mama huyo huyo, bibi. Limepoa."

"Ashukuriwe Mungu. Na ng'ombe?"

"Hatuna ng'ombe, bibi. Sisi tunakaa mjini."

Bibi Angela alishika kifua. "Hamna ng'ombe! Hata mmoja? Hata ndama?" Ikabidi amfariji, na kumfariji mtu asiye na ng'ombe hakuwezi kufanywa kwa haraka. Alipomaliza, Nyati alikuwa ameshapata joto na kunyamaza. Walimzima, wakamwasha tena, wakamzima. Hakuna kitu. Modest alirudi mjini na boga alilopewa kama pole. Alipokuja asubuhi nyingine, mapema zaidi, Bibi Angela alikuwa mapema kuliko yeye, na habari kwamba amewaombea kwao wapate ng'ombe.

Alhamisi jioni Natalia alimwita mumewe pembeni. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha Onesphory. "Kesho alfajiri ndiyo mwisho," alisema. "Sylvester anataka jibu. Sitaki ugomvi, Baba Eva. Nataka mwanangu afike."

Onesphory alikwenda akakaa kwenye ngazi ya Nyati, akamtazama Evaline akipita na nguo zake mpya mkononi, na moyo ukamwuma kwelikweli. Kisha, kama iwatokeavyo majemadari wanapobanwa ukutani, akaona. Alikuwa amepigana vita hii kinyumenyume. Alikuwa akimpeleka fundi kwenye mlio, na fundi ndiye mwenye deni la shikamoo; mtu ambaye salamu yake ingeweza kumalizwa kabla gari halijawashwa ni mmoja tu, naye ni mwana wa bibi mwenyewe. Akampigia Modest simu, akamwomba aje kulala kwao.

"Modest mwanangu," alimwambia walipokuwa wakiota moto baada ya chakula, "kesho wewe hutagusa gari. Wewe utasalimia."

"Mzee, mimi ni fundi."

"Kesho wewe ni ngao. Mama akitoka, usimngoje aanze. Mwanze wewe. Umshike na salamu hadi nitakapokuambia basi. Mimi nitaingia chini. Nifundishe tu namna ya kusikiliza."

Modest alifikiri, akameza mate kama askari anayeagizwa mstari wa mbele. Kisha akaichukua fimbo ya kuchungia ya Onesphory, akamwonyesha: ncha kwenye chuma, kichwa cha fimbo kwenye sikio, na kila chuma kitajieleza chenyewe.

Kabla hakujapambazuka Onesphory aliingia chumbani kwa mama yake, akamsalimu akiwa bado kitandani, akaulizwa habari za watoto, za mke, za ng'ombe, za mashamba, za mvua isiyokuwapo, akazijibu zote bila kuruka hata moja. Alipotoka alikuwa mtu huru. Aliweka mawe kwenye magurudumu, akampa Natalia ufunguo, akavaa lile sweta, akatandika gunia juu ya nyasi zenye umande, akaingia chini ya tumbo la Nyati na fimbo yake. Enyi nguvu mnaowalinda watu waliolala chali mahali penye unyevunyevu, mlindeni sasa!

"Washa!"

Nyati alikohoa. Moshi ukatanda. Na mlio ukaja, mkubwa kuliko siku zote, kongoro-kongoro-kongoro-kong, juu ya pua yake kabisa. Mlango wa nyumba ukafunguka.

"Shikamoo, bibi!" alipiga kelele Modest, akiruka mbele yake, mikono yote miwili imenyooshwa.

"Marah..."

"Umeamkaje, bibi? Mgongo umeamkaje? Usiku ulikuwaje? Kuku wameamkaje?"

Bibi Angela alisita. Katika maisha yake marefu hakuwa ameshambuliwa hivyo. Lakini hakuwa mtu wa kurudi nyuma. "Tumeamka salama. Na kwenu? Mungu amewapa ng'ombe?"

"Ametupa, bibi!"

"Wangapi? Rangi gani?"

"Wekundu, bibi. Na mmoja... wa kijani kidogo."

"Wa kijani?"

Wakati huo, chini, Onesphory alikuwa akitembea na fimbo yake kutoka chuma hadi chuma. Aliiweka kwenye sampu, lile bakuli la oili, akasikiliza: injini ilipiga safi. Aliiweka kwenye giaboksi: safi. Akaigusa ekzosi, lile bomba la moshi, na hapo fimbo ikatetemeka sikioni. Akaishusha kwenye lile bati nene linalokinga injini kwa chini dhidi ya mawe, na loo! kishindo kikampasua kichwa. Kilikuwa hapo, juu ya bati. Onesphory aligeuza shingo, akachungulia kwenye upenyo wa pembeni, akaona ukingo wa kitu cha duara, cheupe, kikiruka-ruka kati ya bati na bomba la ekzosi. Kilikuwa kifuniko cha sufuria.

Alikitambua. Kilikuwa na bonde upande mmoja, bonde alilolitia Evaline akiwa mtoto, alipokuwa akikigeuza ngoma na kuwaamsha watu wote Jumapili. Na kando yake, juu ya bati, palikuwa na punje chache za mtama, zenye vimizizi vidogo vyeupe.

Onesphory alielewa yote kwa mara moja. Aliuona mtama uliokataa kuota. Akamwona mama yake jioni, gari likiwa limetoka sokoni na injini ikiwa bado ya moto, akifungua ule mpira wa boneti kwa vidole vyake vizee, akiilaza sufuria pale penye joto, na kuitoa kabla watu hawajaamka. Akasikia kifuniko kikiteleza gizani, kang kang, hadi mahali ambapo mkono hauwezi kufika. Akaelewa pia kwa nini kilinyamaza injini ikipata joto: mtetemeko ulitulia, bomba likavimba kwa moto, likakibana kisicheze. Na barabarani nani angekisikia, katika kelele zote zile? Na salamu ndefu, asubuhi baada ya asubuhi, karibu kabisa na boneti, nazo akazielewa.

"Zima!" alisema.

Kimya kikaja. Akalegeza bolti za mbele za bati, akaingiza mkono, akakitoa. Kutoka pale chini aliona miguu tu: buti za mkewe zikishuka garini, ndala za Modest, na katambuga za mama yake. Zile katambuga zilikuwa zimesimama hazitikisiki. Bibi Angela alikuwa ameacha salamu katikati, jambo ambalo Bashay haijapata kuliona kabla wala baada.

"Umepata?" aliuliza Natalia.

Sasa, huu ndio wakati ambao mashujaa wengi huinua juu kichwa cha adui ili umati ushangilie. Onesphory alikishika kifuniko, akaitazama miguu ile mizee. Akakisukuma ndani ya sweta. Akatoka chini ya gari taratibu, ameinama, mikono imekumbatia tumbo.

"Nimepata," alitangaza, kwa sauti ya kusikika hadi kwa Yoakimu. "Ni bati la chini. Lililegea, likawa linagonga ekzosi ikiwa ya baridi. Nimeshalishughulikia."

Modest alilitazama lile tumbo, lililokuwa limekuwa duara na gumu kupita tumbo la mtu. Akamtazama bibi. "Ndiyo, mama," alimwambia Natalia kwa uso mkavu. "Mabati hulegea sana msimu huu."

Natalia hakuwa mjinga, lakini injini ilikuwa imeshapata joto na hakuna la kuthibitisha. "Kesho itasema yenyewe," alisema. "Likigonga hata mara moja, kaka yangu atakuwa barabarani anasubiri."

Jikoni, walipobaki wawili, Onesphory alikitoa kifuniko akakiweka karibu na moto. Mama yake akakigeuza, akapapasa bonde lake kwa kidole.

"Mtama ulikataa," alisema. "Mtu akizeeka, baridi inamwingia hata kwenye mtama wake. Niliona aibu pombe ya Evaline ishindwe mkononi mwangu."

"Ungeniambia, mama."

"Ulisema asiyekuwa wewe asifungue boneti."

"Nilikuwa nawaambia watoto."

"Na mimi nilikuwepo, nikasikia," alisema Bibi Angela. Kisha akachota pombe kwenye kibuyu kidogo akampa aonje. Ilikuwa tamu. Onesphory alisema hivyo, na hapo jambo lile likaisha kati yao. Natalia alipokikuta kifuniko mahali pake, alikwenda kwa mke wa Yoakimu na bakuli la maharage, asieleze kwa nini.

Jumamosi alfajiri umati ulikusanyika uani: shangazi, majirani, kwaya yenye vifua vya baridi. Evaline aliketi mbele amevaa shela, na juu ya shela blanketi. Natalia alisimama nje na simu mkononi, namba ya Sylvester ikiwa tayari kwenye kioo. Onesphory alifanya ishara ya msalaba, akazungusha ufunguo.

Nyati alikohoa. Akatoa moshi. Akatetemeka mwili mzima, vioo vikalia, na watu wote, hata jogoo kwa bahati tu, wakanyamaza wakisikiliza. Hakugonga. Alitetemeka mpaka akatulia, na hakugonga hata mara moja.

Mlango ulifunguka, na Bibi Angela akatoka na fimbo yake, kama kawaida. Alipokea shikamoo za umati wote. Kisha akasogea dirishani kwa mwanawe, na baada ya kumuuliza habari za mke, na za watoto, na za ng'ombe, akapumua kidogo.

"Na gari limeamkaje?"

"Limeamka salama, mama," alisema Onesphory.

Natalia alipiga simu. "Kaka," alisema, "wewe nenda moja kwa moja kanisani. Sisi tunakuja na gari letu." Akapanda, akaketi karibu na mumewe, na mteremko wote hadi Endasak hakulitaja gunia.

Basi na iandikwe, na wajukuu wasomewe, kwamba Nyati alifika chini ya Mlima Hanang kabla ya padri. Kwamba pombe ya kimea cha Bibi Angela ilinywewa hadi wazee wa Endasak wakauliza mtama umeota wapi katika baridi hii, na yeye akajibu kwamba una mahali pake pa joto kwa mwanangu. Na kwamba zawadi zilipotolewa, kati ya mablanketi na chupa za chai zilizong'aa, aliinuka akampa mjukuu wake sufuria moja kuukuu na kifuniko chenye bonde. Evaline alikigeuza, akacheka, akakipiga kwa vidole. "Si ndicho nilichokuwa napigia ngoma?" Bibi Angela akasema ndicho, ila kimesafiri. Na Onesphory mwana wa Tluway, mshindi wa kishindo cha alfajiri, mwokozi wa safari, aligeuka akaanza kukagua tairi lisilokuwa na tatizo lolote.

Jumapili, Bashay, baridi ilikuwa kali kuliko wiki nzima. Onesphory alimwasha Nyati ingawa hakuwa na pa kwenda. Nyati alitetemeka, akatulia, kimya kabisa. Mama yake akatoka, akasimama karibu na boneti, akaanza: umeamkaje, mkeo ameamkaje, ng'ombe wameamkaje. Alipofika kwa watoto akatazama upande wa Hanang.

"Na Evaline ameamkaje?"

Onesphory alisikiliza ile injini isiyogonga, akatamani sana ingegonga kidogo.

"Atakuwa ameamka salama, mama."